Desturi ya Nani?

Mwaka jana nilirudi Lupiro kumzika shangazi yangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyefungua mlango wa kanisa letu dogo, akalifagia, akawafundisha watoto mafundisho ya ubatizo, na kukusanya madebe ya mpunga ya kumtunza mchungaji kila mafuriko ya Kilombero yalipoikata barabara. Aliwahi kuomba apelekwe chuo cha theolojia. Wazee wa kanisa walimjibu kwa maneno manne: hiyo si desturi yetu. Akapelekwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusali. Siku ya maziko wazee wale wale walisimama mbele ya jeneza wakamwita nguzo ya kanisa. Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: desturi ya nani?

Sitalitaja dhehebu, kwa kuwa ugonjwa huu ni wa wengi. Hata Wayahudi, ambao maandiko yao ndiyo mzizi wa mahubiri mengi tunayoyasikia, wanalijua swali hili. Tangu mwaka 1988 kundi liitwalo Wanawake wa Ukuta hukusanyika mwanzoni mwa mwezi wa Kiyahudi kwenye Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu, ili kusali kwa sauti, kuvaa shali ya sala na kusoma Torati. Wametukanwa, wamesukumwa, wamekamatwa na polisi. Kosa waliloshutumiwa nalo ni kukiuka "desturi ya mahali". Mwaka 2013 Mahakama ya Wilaya ya Yerusalemu iliamua kwamba sala yao haivunji desturi hiyo. Kwa maneno mengine, desturi si shamba lenye hati ya mtu mmoja. Hata hivyo safari bado ni ndefu: makubaliano ya mwaka 2016 ya kutenga eneo rasmi la sala ya pamoja yalisimamishwa na serikali mwaka uliofuata.

Kabla yao alikuwapo Regina Jonas wa Berlin. Mwaka 1930 aliandika tasnifu kujibu swali kama mwanamke anaweza kushika wadhifa wa rabi. Hakuitupa sheria ya Kiyahudi. Aliingia ndani yake, akaichambua Talmudi, akatoka na jibu la ndiyo. Mwaka 1935 akawekwa wakfu. Wanazi walimuua Auschwitz mwaka 1944, na kwa miongo kadhaa jina lake likasahaulika, hata Sally Priesand alipowekwa wakfu Marekani mwaka 1972, wengi walidhani kwamba hajawahi kutokea mwingine. Hivi ndivyo desturi inavyotengenezwa: wanaotangulia husahauliwa, kisha wanaofuata huambiwa kwamba jambo hili halijapata kuwapo.

Najua nitajibiwa kwamba hayo ni ya Ulaya na Mashariki ya Kati. Haya, tuje karibu. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Katika masinagogi yao mengi wanawake husoma Torati mbele ya watu, na huhesabiwa katika wale kumi wanaohitajika ili sala ya jamaa itimie. Hapa kwetu Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliridhia mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji. Kenya, mwaka 2021, Waanglikana walimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo.

Tena tusisahau bonde letu wenyewe. Watu walisafiri kutoka mbali kwenda Ihowanja kwa Bibi Kalembwana ili wanyolewe na kutakaswa na uchawi. Sitetei imani ya uchawi hata kidogo. Imewaumiza wazee wetu wengi. Ninachosema ni kwamba wanaume wa bonde hili, wakiwamo Wakristo, waliinamisha vichwa chini ya mamlaka ya kiroho ya mwanamke. Jumapili wakarudi kanisani na kusema kwamba mamlaka ya namna hiyo hatuna katika desturi yetu.

Kwa wenzangu watumishi wa umma mnaosubiri waraka kutoka juu: hautakuja. Ibara ya 19 ya Katiba yetu huziweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, na ni vema iwe hivyo. Mabadiliko haya yatatoka ndani ya jumuiya zenyewe, na yataletwa na wanawake wanaoyajua maandiko kuliko wanaowazuia. Kwa hiyo uwanja wa mapambano ni ada. Anayesema "hatuna wanawake wenye elimu ya dini" aulizwe ni wangapi amewahi kuwasomesha.

Mpunga alioukusanya shangazi yangu ndio uliouzwa kumlipia yule kijana masomo. Yeye hakulalamika; mimi nalalamika kwa niaba yake. Kikao cha kuchagua wa kwenda chuoni kitakapoitishwa tena, katika kanisa lako au katika madrasa yako, peleka jina la binti, na upeleke na mchango wa ada yake. Wangu uko tayari.