Acheni Kununua Filta, Huo Mluzi Unawaambia Kitu

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo siandiki kuhusu programu, ingawa mkinivumilia hadi mwisho mtaona ni jambo lile lile. Leo nina hasira na kikebe kidogo cheusi chenye nyaya mbili huku na mbili kule, kinachouzwa kwenye maduka ya redio za magari kwa jina la filta ya kelele. Na hasira kubwa zaidi ninayo kwa nafsi yangu.

Mjomba wangu ana Probox, anabeba abiria na mizigo kati ya Malindi na Kilifi. Kama magari mengi ya huku, lilikuja kutoka Japani na redio yake: maandishi hayasomeki, na FM inaishia 90. Wajapani walitenga masafa ya 76 hadi 90 (baadaye wakasogeza hadi 95), ilhali sisi stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Nyingi huzipati kabisa. Ndiyo maana watu hubadilisha redio mara tu gari likifika, na wengi wetu tunajifungia wenyewe nyumbani.

Hiyo ya mjomba niliifunga mimi. Nina digrii ya kompyuta, nimeangalia video mbili YouTube, nishindwe na nini? Redio mpya, amplifaya chini ya kiti, spika nne. Injini ikiwa imezimwa, ilipiga safi. Tulipowasha: wiiiiii. Ukikanyaga mafuta mluzi unapanda, ukiachia unashuka.

Nikafanya wanachofanya wengi. Nikaenda dukani, nikaeleza, nikauziwa filta. Mluzi ukapungua. Nikanunua ya pili, ukapungua zaidi, muziki ukaufunika. Jumla shilingi 1,800. Mjomba akasema, "Mpwa wangu, Mungu akubariki." Nikajiona bingwa.

Miezi miwili baadaye, saa nne usiku, mjomba alikuwa anampeleka mkewe hospitali Kilifi. Walipofika kando ya msitu wa Arabuko Sokoke mgonjwa akataka kutapika. Wakasimama, injini ikazimwa. Haikuwaka tena. Stata iligonga "ka" moja, taa zikafifia, basi. Giza, msitu upande mmoja, mgonjwa kwenye kiti. Dereva wa lori ndiye aliyewabeba. Alipona, alhamdulillahi. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Asubuhi nikaenda na mita, ambayo niliinunua shilingi 700 na ilikuwa droo moja na zile risiti za filta. Tukaliwasha gari kwa betri ya jirani. Nikaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, taa zikiwa zimewashwa. Volti 0.9! Pale panatakiwa karibu sifuri. Waya wa ethi wa injini ulikuwa umeliwa na kutu kichwani hadi umebaki unga wa kijani. Betri ilikuwa inapata volti 13.1 badala ya 14 na kitu. Kila siku ilikuwa inachajiwa pungufu, ikifa polepole, na kila siku gari lilikuwa linapiga mluzi kutuambia. Mimi nikalifunga mdomo. Mara mbili, kwa pesa.

Sasa tueleweshane mluzi unatoka wapi. Alteneta haitoi umeme ulionyooka. Inatoa umeme wa fezi tatu, wa kwenda na kurudi, kisha diodi zinaunyoosha. Haunyooki kabisa, unabaki na mawimbi madogo. Chukua alteneta yenye jozi sita za ncha za sumaku, inayozunguka mara mbili na nusu ya injini. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, mawimbi yanakuwa 1,200 kwa sekunde. Ukifika mizunguko 2,000 yanakuwa 3,000. Ndiyo maana mluzi unapanda na mguu wako.

Kwa kawaida mawimbi hayo hayakusumbui. Yanasumbua ethi ikiwa mbovu, au redio na amplifaya zikifungwa ethi sehemu mbili ambazo hazilingani hata kwa milivolti chache. Umeme unatafuta njia ya kurudi, unapita kwenye ganda la kebo za RCA, na amplifaya haijui tofauti ya mluzi na taarab. Inakuza vyote.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi:

1. Punguza sauti hadi sifuri. Mluzi ukibaki vile vile, unaingia baada ya kitufe cha sauti: kebo za RCA, amplifaya, au ethi yake. Ukipotea pamoja na muziki, tafuta upande wa redio, antena, au hata chaja ya simu.

2. Zima, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Kukiwa kimya, amplifaya haina kosa.

3. Pima kama nilivyopima mimi, volti za DC: hasi ya betri hadi injini, hadi bodi, hadi bolti ya ethi ya amplifaya. Ikizidi 0.2, umempata mgonjwa.

4. Geuza mita kwenye AC, pima betri injini ikiunguruma. Ikifika nusu volti, shuku diodi za alteneta. Hakuna filta inayotibu diodi.

Sisi wa pwani hatuna kisingizio. Hewa yetu ina chumvi. Kule Gongoni watu wanavuna chumvi kabisa kutoka maji ya bahari hii hii. Bati zinaoza, baiskeli zinaoza, halafu tunadhani waya wa ethi uliofichwa chini ya injini utapona?

Najua mtakachosema. "Lakini filta inafanya kazi!" Ndiyo, ndilo tatizo lenyewe. Ingekuwa haifanyi kazi ningeendelea kutafuta. Sisemi filta ni haramu: ukishapima, ukasafisha, ukafunga ethi vizuri na bado kuna mabaki, weka. Hata kile kitransfoma cha RCA kina kazi yake, ingawa cha bei rahisi kitakula besi. Lakini iwe hatua ya mwisho, si ya kwanza. Na wewe muuzaji, mteja akija na mluzi, muulize kwanza, "Umepima ethi?" Utauza filta chache, lakini wateja wako watafika waendako.

Na sisi waandishi wa programu tusicheke mafundi. Mara ngapi programu inalalamika hitilafu, nasi tunaandika mistari miwili ya kuimeza ili skrini ibaki safi? Mteja anafurahi, bosi anafurahi, na ndani data inaoza kama waya wa mjomba. Mimi nimefanya hivyo kazini. Sasa najua inavyokuwa pale anayelipa ni mtu unayemjua kwa jina.

Ya mjomba ilichukua saa moja: waya mpya, msasa, nati mpya, grisi juu. Ethi ya amplifaya nilikuwa nimeibana kwenye bolti iliyopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme, nikaikwangua hadi chuma. Kutoka 0.9 ikashuka hadi 0.05, betri ikapanda hadi 14.1. Filta zote mbili nikazitoa. Tukawasha, nikakanyaga mafuta. Kimya.

Mjomba hakunibariki safari hii. Alisema tu, "Kumbe ilikuwa inasema." Ndiyo, mjomba. Ilikuwa inasema.