Bunia: Joto la Saio, digri 30 za telefone hazitoshi

Saa saba ya muchana kwenye shantiye za kartiye Saio, vijana wanabeba matofali kichwani. Telefone inaonyesha digri 30. Wengi watakuambia hiyo si kitu: Bunia iko juu, zaidi ya mita 1 200, joto la kweli liko chini kule Kasenyi na Tchomia, kando ya ziwa.

Tunakosea. Digri 30 ni joto la hewa kwenye kivuli, na mwenye kubeba tofali hayuko kwenye kivuli. Mwili wake unajipoza kwa jasho, lakini jasho linapoza ngozi pale tu linapokauka. Siku mvua imenyesha asubuhi na jua likatoka nyuma yake, hewa imejaa maji. Jasho linatiririka bure.

Miaka ya 1950, jeshi la Marekani liliona askari wake wapya wakianguka kwenye mazoezi juu ya joto. Ndipo kikatengenezwa kipimo kingine. Kinachanganya vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji (sehemu 7 kati ya 10), kingine kiko ndani ya mpira mweusi unaopigwa na jua (sehemu 2), na cha kawaida cha kivulini (sehemu 1).

Mpira huo mweusi hautaupata kwenye soko la Bunia. Lakini idara ya hali ya hewa ya Australia ina hesabu inayotumia joto na unyevu tu, kwa kukadiria jua la kutosha na upepo mdogo. Digri 30 na unyevu wa 30 kwa mia: kipimo ni 26. Unyevu wa 50: ni 29. Wa 70: karibu 33. Na kanuni ya kimataifa ISO 7243 inaweka 26 kuwa mpaka wa kazi nzito, hata kwa mutu aliyezoea joto. Hesabu hiyo inazidisha kukiwa mawingu au upepo, ni kweli. Hata hivyo inasema zaidi kuliko namba moja ya telefone.

Redio za muji zinaweza kusoma joto na unyevu pamoja kila asubuhi, na Mettelsat isaidie kuvitoa. Hilo halihitaji mradi wa mamilioni ya dola.

Ugumu uko kwingine. Kijana anayelipwa kwa siku, au kwa hesabu ya matofali, hawezi kupumzika eti kwa sababu redio imesema. Akikaa chini, anapoteza pesa ya chakula cha jioni. Kwa hiyo maneno haya ni kwa wenye shantiye: kazi nzito ianze saa kumi na mbili ya asubuhi na isimame saa tano, maji yawe karibu, na masaa ya kivuli yalipwe kama masaa ya kazi.