Filipo aliomba aonyeshwe Baba

Majuzi nilikuwa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, nikimtazama bibi mmoja akianika omena. Mjukuu wake akamtupia swali: "Dani, Mungu anafananaje?" Bibi akageuza omena wake, kisha akajibu, "Kamuulize pasta."

Swali hilo si la kitoto hata kidogo. Wajaluo walimwomba Nyasaye kabla ya mmishonari yeyote kukanyaga ufuo huu, na hawakumchora. Wasabato walipofungua misheni ya Gendia mwaka 1906, na Wakatoliki nao walipoingia, wengi walizoea picha ya Yesu mwenye ngozi nyeupe na nywele za singa. Katika miaka ya 1960 likazuka Legio Maria, ambalo wafuasi wake wanaamini Masihi alirejea akiwa Mwafrika, yaani Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka 1991. Hadi leo huhiji Got Kwer, papa hapa Migori. Mimi sikubaliani nao, lakini siwacheki. Walitaka kumwona Mungu aliye na uso kama wao.

Hata Musa aliomba kuuona utukufu wa Mungu, akaonyeshwa mgongo tu. Filipo naye alimwomba Yesu awaonyeshe Baba, basi yatoshe. Yesu akamjibu kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Sawa, lakini Yesu alipaa. Sisi tutazame wapi?

Fungua Mathayo 25, msomaji. Husemwa sana mimbarani, ila kuna jambo tunalolipita haraka. Waliowekwa kuume wanashangaa sawasawa na wale wa kushoto! Wote wanauliza walimwona lini. Kumbe hata waliomlisha na kumtazama akiwa mgonjwa hawakujua ni yeye.

Hapo Karungu kuna hospitali ya misheni yenye jina la Mtakatifu Camillus. Huyo Camillus de Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mcheza kamari (naam, kamari!) kabla ya kuokoka. Baadaye aliwahudumia wagonjwa akiwapigia magoti, kana kwamba anamhudumia Kristo mwenyewe. Watawa wa shirika lake ndio walioleta huduma hiyo Karungu, pamoja na makao ya watoto ya Dala Kiye, maana yake nyumbani kwa mayatima. Ukimwi ulipokuwa ukifagia ufuo huu, na jamaa wengine wakiogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa nikueleze kilichonipeleka Sori. Mwenyeji wangu ana jirani ambaye ni mzee wa kanisa, hodari wa mikesha, na akiomba hulia kwamba Bwana amwonyeshe uso wake. Baba yake amepooza upande mmoja, amelala chumba cha nyuma. Anayemwosha ni mjukuu wa miaka 12, kabla ya kwenda shule, na siku za mkesha hakuna wa kumsaidia kumgeuza.

Tulipita kumjulia hali Jumamosi asubuhi. Shuka lilikuwa limelowa, mtoto ameinama na beseni. Mzee alisikia mlango, akainua kichwa kidogo, akaliita jina la mwanawe.

"Bado yuko kanisani, Kwaro," mtoto akamwambia, akaendelea kukamua kitambaa.