Siku ya Kwanza Haijulikani, Lakini Siku ya Kumi Yajulikana



Karani hupewa kazi za namna mbili. Ya kwanza ni ile iliyo na tarehe yake tangu mwanzo. Ya pili ni ile aambiwayo: "Tengeneza ratiba ya ujenzi wa zahanati, tutaanza fedha zitakapofika." Fedha zitafika lini, hapana ajuaye. Walakini ratiba yatakiwa mezani Ijumaa. Napenda kusema juu ya kazi hii ya pili, maana mara nyingi hufanywa kwa njia iletayo lawama kwa karani na hasara kwa watu wasio na hatia.

Njia iliyozoeleka ni kukisia. Karani huandika tarehe 1 Julai, kwa kuwa ndipo mwaka wa fedha uanzapo, kisha hupanga tarehe nyingine zote kwa kuifuata hiyo. Barua ya fedha isipofika mpaka Septemba, ratiba nzima yageuka kuwa uongo, na jina lililo chini yake ni la karani. Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba vibarua walikwisha kuitwa kwa tarehe ile. Mtu ameacha shamba lake au kazi nyingine, amekaa majuma matatu akingoja bila ujira, kisha amerudi kwao mikono mitupu. Tena wanakijiji walioahidiwa kwamba zahanati itafunguliwa Oktoba hawataamini tangazo jingine kwa upesi. Tarehe ya kubuni si jambo la karatasi tu. Kuna watu wanaoilipia.

Shauri langu ni hili: kama siku ya kuanza haijulikani, tuandike ratiba kwa hesabu ya siku, tusiandike kwa tarehe. Siku kazi itakapoanza, iwayo yote, iitwe Siku ya 1. Mengine yote yahesabiwe tangu hapo. Jambo hili si geni kwetu. Arobaini ya marehemu huhesabiwa tangu siku ya msiba, wala hapana aliyepata kuiandika katika kalenda mwanzo wa mwaka. Kuku hulalia mayai siku 21, akianza Januari au akianza Agosti. Zege humwagiliwa maji siku 7 au zaidi, na nguvu zake hupimwa siku ya 28 tangu kumwagwa. Mwanzo hatuujui, lakini urefu wa kazi twaujua.

Tuseme kwa mfano kwamba zahanati yetu yahitaji siku 6 za kusafisha kiwanja, 12 za msingi, 24 za kuta, 12 za paa, na 18 za lipu, milango na madirisha. Jumla ni siku 72 za kazi. Hapa yafaa karani aandike wazi kwamba ni siku za kazi, sita kwa juma. Yaani majuma 12. Asipoeleza hivyo, mwingine atazisoma kama siku za kalenda, na ugomvi utaanza kabla ya jiwe la kwanza. Ratiba ya namna hii haiharibiki kwa kukawia kwa barua. Siku barua ifikapo, kazi iliyobaki ni kuandika tarehe kando ya kila hesabu, nayo ni kazi ya nusu saa.

Lakini kutokujua tarehe si sawa na kusema kwamba kila tarehe yafaa. Katika vita ya 1939 hadi 1945, majeshi yaliyovuka bahari kutoka Uingereza kwenda Normandy, Ufaransa, yalipangiwa kazi kwa siku iliyoitwa D tu. Siku iliyotangulia ilikuwa D kutoa 1, na iliyofuata D kujumlisha 1. Hivyo maelfu ya maagizo yaliweza kuandikwa mapema, na tarehe ilipobadilika hayakuandikwa upya. Hata hivyo wakubwa walijua kwamba maji kupwa alfajiri na mwangaza wa mbalamwezi hukutana siku chache tu katika mwezi. Walichagua tarehe 5 Juni 1944; dhoruba ikazuia; wakaenda tarehe 6. Kama hata hiyo ingalipita, wangalingoja majuma mawili hivi ili maji yawafae tena.

Sisi nasi tunayo masika. Tuitazame tena zahanati yetu, tukisema iko mahali ambapo masika huanza Machi. Ikianza tarehe 1 Julai, itakwisha kabla ya Septemba kwisha, yote katika kiangazi. Ikianza tarehe 1 Februari, kuta zitakuwa zingali zikijengwa mvua zinapoingia, na paa litapandishwa mwishoni mwa Machi na mwanzo wa Aprili, katika matope. Siku 72 za kiangazi si siku 72 za masika. Kwa hiyo karani mwangalifu aandike hesabu mbili, moja ya kiangazi na moja ya mvua. Kisha ahesabu kurudi nyuma. Kusafisha, msingi, kuta na paa ni majuma 9. Basi ili paa liwe juu kabla ya Machi, ruhusa haina budi kufika kabla ya Krismasi. Hii ndiyo tarehe moja awezayo kuiandika bila kukisia: siku ya mwisho inayofaa kuanza. Tena ni tarehe yenye nguvu, kwa maana humwonyesha mkubwa gharama ya kukawia.

Yako mambo yawezayo kutendwa kabla ya Siku ya 1: kupima kiwanja, kuchora ramani, kuuliza bei, kupata kibali cha ardhi, kuandika majina ya waashi. Haya yatendwe wakati wa kungoja. Yako mengine yasiyopasa kutangulia. Vibarua wasiitwe. Saruji isinunuliwe, kwani ikikaa ghalani miezi mitatu hupungua nguvu, na ikipata unyevu hugeuka mawe.

Anayetaka kuona hatari ya kuufungia mradi katika mwaka badala ya kuufungia katika vifaa vyake, na autazame mradi wa karanga wa Tanganyika. Ulikusudiwa kutayarisha ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, 1947. Hesabu ile haikusema, "tangu matrekta yatakapofika Kongwa yakiwa mazima", ilisema mwaka. Matrekta yalipatikana kwa shida, mengi yakiwa yamekwisha kutumika vitani, na ardhi ilikuwa ngumu kuliko ilivyodhaniwa. Ekari zilizotayarishwa mwaka ule zilikuwa 7,500 hivi. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kupotea pauni milioni nyingi. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, wala sisemi kwamba ratiba pekee ndiyo iliyouangusha. Nasema tu kwamba tarehe ilitangulia, na vifaa vikaambiwa viifuate.

Wako watakaonijibu kwamba mkubwa hataki kusikia habari za Siku ya 1, ataka tarehe. Naye ana haki, maana makisio ya fedha huandikwa kwa mwaka. Basi apewe tarehe pamoja na sharti lake: "Fedha zikipokewa tarehe 1 Julai, kazi itakwisha Septemba. Kila juma litakalopita kabla ya kupokea, ongeza juma moja. Zikipokewa baada ya Krismasi, tumia hesabu ya mvua." Hiyo ni sentensi tatu tu, nayo ni kweli yote.

Wengine watasema kwamba ratiba isiyo na tarehe huzaa uvivu. Mimi naona kinyume chake, ikiwa karani atafungua daftari la kungoja: twangoja kitu gani, kwa nani, tangu tarehe gani. Tarehe iliyobuniwa huficha aliyekawisha, kwa sababu lawama humwangukia aliyeiandika. Daftari hili huonyesha karatasi ilipolala.

Mwisho, na tukubaliane ni ishara ipi itakayofungua Siku ya 1. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapana apandaye kwa mawingu. Ahadi ya simu, salamu za mgeni aliyetoka makao makuu, neno lililosikiwa katika mkutano, yote ni mawingu. Mvua ni fedha zilizopokewa na ruhusa iliyoandikwa. Naomba chama chetu kiwaendee wakuu wa idara na kuomba jambo moja tu: kila barua iagizayo ratiba itaje ni nani atakayetangaza Siku ya 1, na kwa ishara ipi. Tukipata hilo, hatutatia tena majina yetu chini ya tarehe tusizozijua, wala kibarua hataketi juu ya jembe lake akingoja siku ambayo hata sisi tulioiandika hatukuijua.

Ni mimi, karani mwenzenu.