Mlango Uliofunguliwa Michezoni Usifungwe Msikitini

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wazazi wa hapa Karatu na wa vijiji vya Ngorongoro wamekuwa wakituuliza juu ya vijana wao wanaokesha na simu wakicheza michezo ya mtandaoni pamoja na watu wasiowajua kwa sura. Swali lao huwa moja: je, michezo hii ni halali au haramu? Swali hilo ni la haki, na tutaligusa hapa chini. Lakini lipo swali jingine ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi, nalo hatujasikia likiulizwa: kijana huyu amekuta nini huko ambacho amekikosa kwetu?

Tuanze kwa kuieleza michezo yenyewe, maana si busara kuhukumu jambo tusilolijua. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw na mwenzake Richard Bartle walitunga mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu, ambamo watu kadhaa waliweza kuingia kwa pamoja, kila mmoja akiwa na uhusika aliojichagulia. Kutokana na mbegu hiyo ikaota miti mingi. Mchezo wa World of Warcraft, ulioanza mwaka 2004, ulifikisha wachezaji wa kulipia zaidi ya milioni 10. Leo kijana wa Rhotia au Endulen mwenye simu na bando anaweza kuingia katika michezo ya namna hii.

Katika michezo ya kuigiza uhusika, mchezaji hujipa jina, hujichagulia umbo na hushika kazi. Mmoja ni mpiganaji, mwingine ni mlinzi wa wenzake, mwingine ni mganga wa majeruhi. Mapambano makubwa hayashindwi na mtu mmoja. Kuna yaliyokuwa yakihitaji watu 40 kwa pamoja, na mganga akikosekana wote huangamia, hata wawe hodari namna gani. Kwa sababu hiyo wachezaji hujiunga katika makundi ya kudumu, yenye viongozi, kanuni na nyakati za kukutana. Kundi zuri humpokea asiyejua, humfundisha na kumvumilia akikosea. Kundi baya humtukana na kumfukuza.

Kipo kisa kimoja kilichoandikwa sana magazetini na kutengenezewa filamu mwaka 2024. Nchini Norway alikuwapo kijana aitwaye Mats Steen, aliyezaliwa mwaka 1989 akiwa na maradhi ya kurithi yanayodhoofisha misuli siku hadi siku. Tangu utotoni alitumia kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi mbele ya kompyuta, akicheza World of Warcraft. Wazazi wake, watu waliompenda, walisikitika wakidhani kwamba mtoto wao anaishi na kufa peke yake, bila rafiki. Alifariki mwezi Novemba 2014, akiwa na umri wa miaka 25. Baba yake alipotangaza mtandaoni habari za msiba, zikaja barua kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja akisimulia jinsi kijana yule alivyomsikiliza, alivyomshauri na alivyomfariji. Wapo waliosafiri hadi Norway kumzika. Huko michezoni hakuwa mgonjwa wa kitini. Aliitwa Ibelin, na alikuwa mtu wa kundi, mwenye neno linalosikilizwa.

Hatukisimulii kisa hiki ili kuyasifu maisha ya mbele ya kioo. Tunakisimulia kwa sababu kinatutia haya. Watu wasio na Qur'an wala Sunna mikononi mwao walimpokea mtu wasiyemjua asili yake wala hali ya mwili wake, wakampa nafasi, na alipokufa wakaja kumzika. Je, sisi tulioamrishwa hayo na Mola wetu tunafanya nini?

Tutazame hali ya mahali petu. Huenda pasiwepo sehemu nyingine ya Tanzania ambako makabila yaliyotofautiana kiasi hiki kwa asili na kwa lugha yanakutana kama hapa. Wapo Wairaqw wa Karatu na Mbulumbulu, Wadatoga, Wamaasai wa Ngorongoro, na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi kinywani zisizofanana na za jirani yeyote. Wapo pia waliokuja kutoka pande zote za nchi kulima vitunguu Mang'ola, kufanya biashara mjini na kutumikia watalii. Ugeni si jambo geni kwetu. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959, wafugaji wa Kimaasai walihamishiwa huku kutoka Serengeti. Na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimeondoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, kuanza tena kuwa wageni.

Watu wa nchi kama hii walipaswa kuwa walimu wa kukaribisha. Badala yake tumerithi mitaani majina ya kudharauliana. Mdatoga anaitwa Mang'ati, neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Mhadzabe anaitwa Mdorobo, neno lililotumiwa na wafugaji kwa mtu fukara asiye na ng'ombe. Majina hayo sasa yamehamia michezoni. Tumewasikia kwa masikio yetu vijana wenye majina ya Mitume wakimwita mwenzao mchezoni kwa kabila lake kama tusi, kwa sababu tu amechelewa kupiga. Tumewasikia wakimkejeli mwenye kigugumizi. Tumeambiwa na mabinti kwamba wakicheza hawathubutu kufungua sauti, maana ikijulikana kuwa ni msichana anayeongea, maneno ya aibu humiminika.

Vijana wetu wasidhani kwamba kioo cha simu ni pazia mbele ya Malaika wanaoandika. Allah (s.w.), katika Suratul Hujurat aya ya 11, amewakataza waumini kudharauliana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, akakataza kuvunjiana heshima na kuitana kwa majina mabaya. Katika aya ya 13 ya sura hiyo hiyo akabainisha kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wapate kujuana, na kwamba mbora mbele yake ni mchamungu zaidi. Abu Dharr (r.a.), pamoja na daraja yake kubwa, alipomtukana mtu kwa kumtaja mama yake, Mtume (s.a.w.) alimkemea na kumweleza kuwa bado ndani yake yamebaki mambo ya zama za ujahiliya. Ikiwa hayo alielezwa Swahaba, sisi tutasemaje? Na asiyeiogopa Akhera aikumbuke Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo imeyafanya matusi ya kibaguzi na uonevu wa mtandaoni kuwa jinai.

Ama wenzetu wasiokuwa Waislamu, ambao ndio wengi katika michezo hiyo na ndio majirani zetu hapa Karatu, Allah (s.w.) hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Hayo yamo katika Suratul Mumtahana aya ya 8. Yumkini kijana wa Kikristo wa Mbulu au wa Brazili hatamjua Muislamu mwingine maishani mwake ila huyo anayecheza naye. Basi kijana wetu na achague atakuwa ushahidi wa nini.

Tukitoka michezoni tuingie msikitini, hali haipendezi zaidi. Kijana wa Kiiraqw anasilimu leo, takbiri zinapigwa, anakumbatiwa. Baada ya miezi mitatu bado anaitwa "yule aliyesilimu", na wakati mwingine anasahihishwa kisomo chake mbele za watu kwa sauti ya kuchekwa. Mmaasai anaingia na shuka lake, watu wanamtazama miguu. Mlemavu anafika mlangoni, anakuta ngazi tupu. Kisha tunashangaa kwamba vijana hao saa mbili za usiku wako kwenye simu zao pamoja na watu wanaowaita "kamanda" na "ndugu".

Sunna imekwisha kutufundisha dawa, nayo ina mambo matatu.

La kwanza ni jina. Mtume (s.a.w.) aliyabadilisha majina yenye maana mbaya: binti wa Umar (r.a.) aliyeitwa Aswiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Lakini hakumfutia mtu asili yake. Bilal aliendelea kujulikana kuwa Mhabeshi, Salman Mfarsi na Suhaib Mrumi, na nasaba hizo zikawa heshima ndani ya safu ya Waislamu. Basi anayesilimu kutoka kwa Wadatoga au Wahadzabe hatakiwi kuukana ukoo wake ili akubalike kwetu. Tumwite kwa jina alipendalo, na wazee wawe wa kwanza kuyaacha majina ya dharau, maana watoto wameyapata kwetu.

La pili ni kazi. Abdullah bin Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Suratu Abasa iliteremka kwa ajili yake, kufundisha kwamba mwenye kuitafuta dini hapuuzwi kwa sababu ya kuwashughulikia wakubwa. Mtume (s.a.w.) hakuishia kumhurumia. Alimfanya muadhini, na zaidi ya mara moja alimwachia usimamizi wa Madina aliposafiri. Katika mchezo, mgeni hupewa kazi siku ile ile anapojiunga, na kundi humtegemea. Kwetu mgeni hupewa mkeka wa nyuma na nasaha. Kamati za misikiti na zimkabidhi kijana mpya jambo la kweli: adhana, hesabu za mfuko wa maiti, kuwapokea watoto wa madrasa, au kutengeneza kipaza sauti ambacho wazee hatukijui.

La tatu ni kuulizwa. Alikuwapo mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.), na riwaya zinamtaja kuwa mwanamke mweusi. Akafa usiku, watu wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, akawalaumu kwa kutomwambia, akaomba kuonyeshwa kaburi lake, akaenda kumswalia. Huyo ni kiongozi wa dola, anayatambua mapengo ya safu yake hata la mfagiaji. Wale waliokwenda Norway kuzika waliligusa jambo hili bila kujua kwamba sisi tumelibeba kwa karne 14. Katika msikiti wako, ndugu msomaji, kijana asipoonekana Ijumaa tatu, nani ataligundua hilo?

Wala hatuandiki haya kuhalalisha kila mchezo. Mchezo unaopitisha wakati wa swala umekuwa adui, hata kama picha zake ni za maua. Michezo yenye kuonyesha utupu, au inayomfanya mchezaji aabudu sanamu na kuapa kwa miungu, iepukwe. Yapo pia masanduku ya bahati, ambayo mchezaji hulipa pesa bila kujua atatoka na nini. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliyahesabu baadhi yake kuwa kamari, na kamari tunajua hukumu yake. Watoto wasiachwe kuzungumza usiku na watu wazima wasiowajua. Mzazi akae na mwanawe, amwombe amwonyeshe mchezo wenyewe, ajue anacheza na nani. Kunyang'anya simu ni kazi ya dakika moja, lakini kujaza nafasi iliyobaki ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Maimamu wa Karatu na Ngorongoro watenge khutba moja mwezi huu juu ya ulimi wa mtandaoni. Walimu wa madrasa wawape vijana wanaocheza agano la adabu: hawatamtukana mtu kwa kabila, kwa dini, kwa maumbile wala kwa kuwa ni mwanamke, wakiona mgeni anaonewa watamtetea, na adhana ikilia watawaaga wenzao waziwazi kwamba wanakwenda kuswali. Kila msikiti uteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao ni kumpokea kila uso mpya na kumuulizia kila aliyepotea.

Kijana aliyekaribishwa na watu wa mbali hatamshukuru anayemwita arudi nyumbani, ikiwa nyumbani hakuna aliyemwekea nafasi ya kukaa. Tunamuomba Allah (s.w.) azifungue nyoyo zetu kabla ya milango yetu, na aijaalie misikiti yetu iwe mahali ambapo hakuna mja wake atakayeingia akatoka bila kuulizwa jina lake.

Wabillahi Tawfiq.