Mate Yaseme Kabla Jino Halijalegea

Je, msomaji, wewe hutema damu upigapo mswaki? Usidhani uko peke yako. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 98 kati ya kila 100 nchini Kenya wana ugonjwa wa fizi. Lakini damu pekee haielezi mengi. Katika miaka ya 1980, watafiti Baelum, Fejerskov na Manji waliwakagua watu wa Machakos. Fizi za karibu wote zilitoa damu, ilhali uharibifu mkubwa ulikuwa kwa wachache tu. Wachache hao tutawajuaje mapema?

Hapo ndipo mate yanapofaa. Fizi zikishambuliwa, seli nyeupe za damu humwaga kimeng'enya kiitwacho MMP-8, ambacho hukata nyuzi zinazolishikilia jino mfupani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, ulizaa kipimo cha kukitambua. Unasukutua kwa maji, maji hayo yanatiwa kwenye kijiti, na baada ya dakika chache mistari huonekana, kama ya kupima mimba.

Sasa fikiria Kericho na Bomet. Kibarua anayechuma chai hulipwa kwa kilo. Siku ya kwenda mjini kumtafuta daktari wa meno ni siku bila kilo. Hivyo husubiri hadi jino litikisike, likang'olewa. (Wazee wa Kipsigis waling'olewa meno mawili ya chini kwa mila, lakini hayo ni mengine.) Zahanati za huko zimezoea kupima malaria kwa tone la damu, na tangu 2017 Wakenya wanaweza kujipima virusi vya Ukimwi kwa kupangusa fizi. Kijiti kimoja zaidi hakitamshinda muuguzi.

Hata hivyo, sishauri kila mtu apimwe. Kijiti hutoka ng'ambo, tena hakichukui nafasi ya daktari kukagua fizi. Naona kianzie kliniki za kisukari, kwa sababu kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zilizooza hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Na asipimwe mtu kabla hajapatikana wa kumwondolea ukoga. Utamwambiaje mama wa Litein kwamba meno yake yako hatarini, kisha umrudishe shambani hivyo hivyo? Kericho na Longisa kuna hospitali za rufaa za kaunti. Kwanza zitenge siku moja kila juma kwa wagonjwa wa fizi wanaotumwa na zahanati, ndipo vijiti vinunuliwe.