MASHAURI YA NYUMBANI: Ukaguzi wa Kiwanja cha Ndege Huanzia Nyumbani

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wetu wa pwani hii ya kusini hawakulihitaji, nalo ni matayarisho ya msafiri wa ndege. Wao walipanda majahazi Mikindani, wakangojea kusi na kaskazi, na mwenye mzigo aliupakia jinsi ulivyo. Leo kijana wa Msimbati huweza kuondoka Mtwara asubuhi akaswali adhuhuri Dar es Salaam, na kesho yake akawa Jeddah au Maskati. Na mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, ilidhihirika kuwa ndege si anasa ya matajiri peke yao.

Lakini wengi wetu huijua tarehe ya safari wasijue mlango wa ukaguzi wataka nini. Matokeo yake mzee hufedheheka mbele ya watu, asali aliyomchukulia mwanawe ikatupwa pipani, au ndege ikamwacha ilhali nauli yake ilichangwa na ukoo mzima. Hasara kama hiyo yaweza kuepukwa, na dawa yake iko nyumbani, siku chache kabla ya safari.

Yafaa kwanza tuijue sababu ya ukaguzi, kwani wako wanaonung'unika na kuuona kuwa ni dharau. Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Air Tanzania iliyokuwa katika safari ya hapa hapa nchini, kutoka Mwanza, ilitekwa nyara ikapelekwa Nairobi, Jeddah na Athens, mpaka ikafika Stansted, Uingereza, ndipo watekaji wakajisalimisha. Na tarehe 23 Novemba 1996, vijana watatu waliiteka ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, wakalazimisha iende Australia. Walitisha kwa chupa waliyodai kuwa ni bomu, na baadaye ikajulikana kuwa ni chupa ya pombe tu. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na pwani ya Ngazija. Katika watu 175 waliokuwamo walikufa 125. Bahari ile ndiyo hii inayopiga mawimbi yake hapa Mnazi Bay. Basi anayetukagua anazilinda roho zetu, na roho ya mtoto aliyeketi kiti cha nyuma yetu.

Kwa sababu hiyo twawaonya vijana hasa: mlango wa ukaguzi si mahali pa mzaha. Neno moja la kuchekesha juu ya bomu au silaha laweza kumzuia mtu safari na kumfikisha polisi, wala hapana atakayemsikiliza akisema, "Nalitania tu."

Sasa tuyatazame matayarisho yenyewe. La kwanza ni jina. Jina la tiketi sharti lilingane na jina la pasipoti herufi kwa herufi. Kwetu kusini twaandika Mohamedi, Hamisi na Salumu. Mwenye kukata tiketi huandika Mohammed, Khamis na Salim, naye adhani amepatia. Jina ni lile lile kwa wanaolijua, lakini mashine haina ujuzi huo. Tiketi ikiletwa, kijana anayejua kusoma aiweke kando ya pasipoti alinganishe, na kosa lisahihishwe mapema. Itazamwe pia tarehe ya mwisho ya pasipoti, kwani nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita au zaidi mbele yake. Na aendaye Hija au Umra achanjwe chanjo ya homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kufika, na cheti chake akiweke pamoja na pasipoti.

La pili ni saa, na hapa ndipo wengi hupotea. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu, ambazo huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Ikiandikwa 07:00 ni saa moja ya asubuhi, na 13:30 ni saa saba na nusu ya mchana. Penye hatari zaidi ni usiku. Sisi husema usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa hesabu ya dini siku huanza jua likichwa. Tiketi haifuati hesabu hiyo. Ikiandikwa tarehe 12, saa 00:30, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku ule unaoanza jioni ya tarehe 11. Atakayekwenda kiwanjani jioni ya tarehe 12 ataambiwa ndege iliondoka jana yake usiku. Msafiri wa ndani ya nchi na afike saa mbili kabla, na wa nchi za nje saa tatu. Na mwenye tiketi mbili mbalimbali, moja ya Mtwara hadi Dar es Salaam na nyingine ya kutoka hapo kwenda ng'ambo, ajue kuwa aghalabu itambidi auchukue mzigo wake mwenyewe aupeleke Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019 kwa safari za nje, aupimishe upya. Aache nafasi ya kutosha baina ya ndege mbili hizo.

La tatu ni mizigo. Visu, nyembe na mikasi viende katika sanduku linalowekwa tumboni mwa ndege. Betri ya akiba ya kuchajia simu ni kinyume chake: ichukuliwe mkononi, kwa sababu betri za namna hii zikiharibika hushika moto, na moto ulio karibu na watu huonekana upesi ukazimwa. Katika safari za nje, kila kitu cha majimaji kinachochukuliwa mkononi kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, navyo vyote vitiwe katika mfuko mmoja wa kuonyesha wa lita 1. Mafuta ya nazi, asali, samli na achari vyote vimo katika hesabu hiyo. Na kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa. Chupa kubwa yenye mafuta kidogo haikubaliwi. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto huruhusiwa, lakini vitajwe mbele ya mkaguzi kabla hajauliza.

Korosho zetu hazina neno. Bali mbata zisifungwe kabisa, maana zimo katika orodha ya vitu vya hatari kwa ndege. Mafuta yake huzifanya zipate joto zenyewe hata zikaweza kuwaka. Kadhalika magamba ya kasa na matumbawe yasichukuliwe kuwa zawadi. Viumbe hao wamehifadhiwa kwa sheria, na pwani yetu hii imekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Wakati wa kurudi, maji ya Zamzam yasitiwe ndani ya sanduku la nguo. Huchukuliwa katika chupa yake ya lita 5 iliyofungwa rasmi.

La nne lawahusu mahujaji. Ndege itokayo kwetu huifikia mikati ikiwa angani, kabla haijatua Jeddah. Mwanamume aliyezitia nguo zake za ihramu katika sanduku la tumboni mwa ndege atazipata wakati umekwisha kupita. Basi ama azivae mapema, ama aziweke katika begi la mkononi. Mshipi wenye chuma avue autie katika sinia pamoja na saa, sarafu na simu. Na mama zetu wajue kuwa mwanamke hukaguliwa na mwanamke mwenziwe, na aweza kuomba apelekwe faraghani. Avaaye nikabu hutakiwa kuonyesha uso ulinganishwe na picha. Aombe, kwa maneno laini, aonwe na mkaguzi wa kike. Bangili na pini zipunguzwe, kwani ndizo zinazoliza mashine.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwenye dirisha la kupokelea mizigo msafiri huulizwa kama mzigo wake ameufunga mwenyewe. Nasi kwa desturi zetu, mtu hasafiri pasipo shemeji, jirani au rafiki wa rafiki kumletea kifurushi kilichokwisha kushonwa, akisema, "Nifikishie, ni unga wa mtoto tu." Tujue ya kwamba mzigo ulio mkononi mwako ni wako mbele ya sheria. Miraa imekatazwa Saudia, na biashara ya madawa ya kulevya hukumu yake huko yaweza kufika kifo. Amana ni kitu kitukufu, lakini hapana amana ya kitu usichokijua. Mwambie kwa adabu, "Shemeji, tufungue pamoja nione, kisha nitakifunga kwa mkono wangu." Mwenye nia njema atafungua akacheka nawe. Anayekasirika, mrudishie kifurushi chake. Na wazee nyumbani wamsaidie kijana katika kukataa huko, wasimwambie kuwa ana kiburi au kuwa avunja udugu, kwani ugomvi wa kifurushi hupoa, bali mtoto aliyefungwa ugenini huiumiza nyumba miaka mingi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Pasipoti iliyolinganishwa, saa iliyohesabiwa sawasawa na mzigo uliofungwa kwa mkono wa mwenyewe, hizo ndizo kamba za ngamia wa leo. Tukishazifunga, tusome dua ya safari, tutoke majumbani mwetu kwa utulivu. Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama na awarudishe kwa watu wao. Amin.